Unga haukumpa Layne sauti

  Leo siongelei boom wala foleni ya kantini. Nina hoja.

Juzi usiku nilikuwa chumbani nasikiliza Alice in Chains. Mshkaji mmoja wa chumba cha jirani akaingia, akauliza huyu anayelia hivi ni nani. Nikamwambia ni Layne Staley, alikufa kwa unga. Akajibu hata kabla hajakaa: "Ndiyo maana anaimba hivyo. Bila unga asingeweza." Jamaa wakacheka, wakakubali. Mimi nikanyamaza, maana jibu halikuja haraka. Leo ninalo.

Kwa wasiowajua, hawa ni watu wa roki kutoka Seattle, Marekani, walioanza mwaka 1987. Jerry Cantrell gitaa, Sean Kinney ngoma, Mike Starr besi, na Layne mbele kwenye kipaza sauti. Walitoa Facelift mwaka 1990, kisha Dirt mwaka 1992. Mwaka 1993 Mike Starr akatoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mike Inez. Januari 1994 wakaja na Jar of Flies, nyimbo saba tu, na ikawa EP ya kwanza kuingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard. Albamu ya mwaka 1995 nayo ikaanzia namba moja.

Sasa tupige hesabu. Kama unga ndio unaotunga nyimbo, basi kadiri mtu anavyozama ndivyo nyimbo zingeongezeka, si ndiyo? Kumbe kinyume. Aprili 1996 walirekodi onyesho la MTV Unplugged. Julai mwaka huohuo Layne akaimba nao jukwaani kwa mara ya mwisho. Mwaka 1998 wakarekodi nyimbo mbili. Baada ya hapo, basi. Mtu mwenye sauti ile akajifungia ndani kwake mpaka alipokufa, Aprili 2002, akiwa na miaka 34. Ilipita kama wiki mbili kabla mwili wake haujakutwa. Jamani, wiki mbili! Unga haukumpa kitu huyu. Ulichukua nyimbo, ukachukua jukwaa, mwisho ukachukua hata watu wa kumgongea mlango.

Tena mwenyewe alishalisema. Kwenye mahojiano na jarida la Rolling Stone mwaka 1996 alilalamika kwamba kuna mashabiki walikuwa wakimfuata na kumwonyesha dole gumba, wakimwambia kwamba wamelewa dawa. Akasema hicho ndicho hasa ambacho hakutaka kitokee. Alikuwa anaimba maumivu, watu wakasikia tangazo la biashara. Na sisi juzi chumbani tulifanya kosa lilelile.

Lakini kinachoninyima usingizi ni habari ya Mike Starr. Yeye ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kumwona Layne akiwa hai. Mwaka 2010 alisimulia kwenye televisheni kwamba alimkuta rafiki yake anaumwa sana, akataka kuita msaada, Layne akakataa na kumtishia kwamba urafiki utakufa. Wakagombana, Mike akaondoka. Siku ya pili Layne alifariki. Mike aliubeba mzigo huo miaka yote, akihangaika na dawa yeye mwenyewe, na Machi 2011 naye akafa, ana miaka 44.

Simlaumu Mike. Nitamlaumuje? Nina rafiki yangu wa nyumbani, tulikaa dawati moja sekondari, ndiye aliyenifundisha gitaa. Likizo iliyopita nilimkuta kituo cha daladala, amekonda, anasinzia huku amesimama. Akaniomba buku, nikampa. Nilijua inakwenda wapi. Sikusema kitu, nikiogopa atakasirika na tutakosana. Nikapanda daladala.

Ukiniuliza urithi wa Alice in Chains ni nini, mimi sitakutajia kifo. Nitakutajia sauti mbili, ya Layne na ya Cantrell, zikipanda pamoja mpaka unashindwa kujua ipi ni ya nani. Ile ni kazi ya watu wenye masikio na mazoezi. Nitakutajia pia waliobaki, ambao mwaka 2009, wakiwa na William DuVall, walitoa Black Gives Way to Blue. Wimbo unaobeba jina la albamu walimwimbia Layne, na Elton John akapiga piano. Waliomboleza wakifanya kazi.

Kwetu Dar, Muhimbili walianza kutoa methadone mwaka 2011 kwa watu wanaotaka kuachana na heroini. Kwa hiyo kusema "hakuna la kufanya" ni uvivu wetu tu. Jana nimempigia simu dada yake rafiki yangu, nikamweleza nilichokiona. Alilia, halafu akanishukuru. Jamaa mwenyewe amenitumia meseji: nisimtafute tena.

Poa. Anune, lakini anune akiwa hai.

Haya, nina semina saa moja asubuhi. Naomba kuwasilisha.