Kiinua Mgongo Kinachovunja Mgongo

Aliyetunga neno kiinua mgongo alikuwa na picha safi kichwani. Mtu ameinama shambani tangu alfajiri, jua linakuchwa, sasa anaweka jembe chini, anashika kiuno na kusimama wima ili aone anakokwenda. Fedha ile ni ya kumsimamisha. Mimi nilistaafu ukuu wa chuo cha ualimu mwaka 2011, nikiwa na miaka 60, na ninayoyaona kwa wenzangu wengi tangu wakati huo ni kinyume kabisa. Mtu anapokea mafao mwezi Machi. Ifikapo Desemba mgongo umepinda kuliko alipokuwa kazini.

Hili si jambo la bahati mbaya. Ni desturi, ina wafuasi wake na wahubiri wake, nami nataka kuipinga waziwazi. Desturi yenyewe inasema kwamba mtu akistaafu hana budi aonyeshe alichokuwa akikifanya miaka yote ile. Aonyeshe kwa nyumba, na nyumba ionekane kutoka barabarani. Hata zawadi za kuagana zimekuwa kama amri: mabati, mifuko ya saruji, ndoo za rangi. Katika hafla zote nilizohudhuria sijaona mstaafu akipewa jembe, wala miwani ya kusomea.

Tufanye hesabu ya ubaoni. Tuseme mwalimu amepokea shilingi milioni 40. Anaanza nyumba ya vyumba vinne na sebule mbili, ati moja ni ya wageni. Msingi unakula milioni 9, maana fundi amegundua kwamba udongo ni wa mfinyanzi. (Mafundi hugundua udongo wa mfinyanzi kila wanapoitwa na mstaafu.) Boma mpaka kwenye lenta linakula 14. Hapo hapo mtoto wa shemeji anaoa, na mzee anafanywa mwenyekiti wa kamati ya harusi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba fedha zimetoka. Mwenyekiti hawezi kuahidi elfu hamsini mbele za watu. Anaahidi milioni moja. Kisha inanunuliwa gari iliyotumika, milioni 12, kwa kuwa mwenye nyumba ya sebule mbili haendi sokoni kwa bodaboda. Zimebaki milioni 4, na nyumba haijapauliwa.

Sasa ndipo anapokwenda kwa wale ambao wananchi wamewapa jina lao la haki, kausha damu. Anaacha kadi ya benki kuwa dhamana. Tangu siku hiyo, pensheni inapoingia, mkono wa kwanza kuigusa si wake. Sikutunga kisa hiki. Nimekijumlisha kutoka kwa watu ninaowafahamu, na sitawataja. Wawili kati yao wamekwisha kufa, na maboma yao yamesimama bila paa, yameota miti ndani.

Ndugu msomaji atakumbuka mjadala wa kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu, na iliyobaki aipate kidogo kidogo kila mwezi. Watumishi waliokuwa wamezoea 50 walipaza sauti, na Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa lile kundi lililokuwa likipata nusu. Hasira ya watumishi ilikuwa ya haki, kwa maana huwezi kumbadilishia mtu masharti ya safari akiwa amekaribia kufika. Lakini nilisikiliza hoja za wenzangu vijiweni, na karibu zote zilikuwa juu ya mkupuo: nitajenga nini, nitanunua nini. Ile pensheni ya mwezi, ambayo mtu ataitegemea macho yakiwa hayaoni vizuri na watoto wana mizigo yao wenyewe, haikupata mtetezi.

Wapo watakaonijibu kwa ukali, na jibu lao lina uzito. Watasema mwalimu wa nchi hii amedharauliwa vya kutosha. Kizazi changu kilibeba mzigo wa elimu ya msingi kwa wote baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, madarasa chini ya miti, watoto wengi kuliko vitabu. Katika miaka ya 80 mshahara haukufika katikati ya mwezi. Walimu walikaanga vitumbua na wake zao, wakauza barafu kwa wanafunzi wao wenyewe. Tumeishi katika nyumba za serikali ambazo mvua ikinyesha unahamisha kitanda. Leo mtu huyo amepata fedha kwa mara ya kwanza, nawe mwenzake unamwambia aishi kwa kiasi? Ameishi kwa kiasi miaka 35!

Nakubali kila neno. Lakini kile tulichoishi wakati ule hakikuwa maisha ya kiasi; kilikuwa dhiki, na hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka. Ninachokisema mimi ni kitu kingine: kwamba mtu aliye na kidogo mkononi akae chini, aamue kwa akili yake vitu vipi anavihitaji na vipi anavinunua kwa ajili ya macho ya jirani. Tena siwahubirii wasio na pensheni kabisa, nao ni wengi wa wazee wa nchi hii, wakulima, wavuvi, wajane. Kumwambia mjane anayeuza mihogo apunguze matumizi ni matusi. Nasema na sisi tunaolipwa kila mwezi.

Wala sisemi mtu asijenge. Ajenge angali kazini, polepole, nyumba ya kiasi cha watu watakaolala ndani. Yangu ina vyumba vitatu, huku Muheza kwenye shamba la marehemu baba, na ilinichukua miaka kumi na moja. Mwanangu wa kwanza alipokuja baada ya mafao kutoka, aliizunguka mara mbili, kisha akasema kwa upole, "Baba, watu watasema nini?" Ni kijana mwema na alisema kwa mapenzi. Nikamwuliza hao watu ni akina nani, anitajie watatu. Alimtaja mmoja, naye alikuwa amekwisha hamia Dar es Salaam.

Tuna mfano mbele yetu, lakini tumeufanya wa kupigia picha tu. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Watu hukumbuka jembe. Wasahau kwamba jembe halikuwa mapumziko ya mtu asiye na la kufanya. Toka hapo aliongoza Tume ya Kusini kuanzia mwaka 1987, akazitia Injili katika utenzi, vitabu vikatoka mwaka 1996, na mwaka huo huo akaanza kuwapatanisha Warundi, kazi aliyokuwa nayo mpaka alipofariki Oktoba 1999. Mtaniambia yule alikuwa rais. Ndiyo, na kwa hiyo alikuwa na nafasi kubwa kuliko yangu na yako ya kustaafu kwa fahari.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa, maana fedha ni nusu tu ya jambo. Jumba kubwa halili fedha peke yake, linakula siku. Mwenye boma lisilokwisha anaamkia kwa fundi, anashinda kwenye foleni ya mkopo, jioni yuko kwenye kikao cha harusi kurudisha fadhila za waliomchangia. Amestaafu kazi moja, ameajiriwa na tatu, zote bila likizo. Mtu aliyefundisha miaka 35 ana kitu kichwani ambacho kijiji hakina, naye anakipeleka kuhesabu matofali.

Maisha yetu ya ualimu yaliendeshwa na kengele. Kengele ikinyamaza, wengi hupotea. Mimi nilijiandikia ratiba na kuibandika ukutani, mke wangu akacheka. Asubuhi niko kwenye michungwa mpaka jua linapokuwa kali. Mchana nasoma. Jumanne na Alhamisi jioni wanakuja watoto, huwa saba au wanane, ambao wamefika darasa la tatu au la nne bila kujua kusoma. Siwatozi kitu. Kuna mmoja alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nilipoifunika picha kwa kiganja, maneno yote yalipotea, kwa sababu alikuwa ameukariri. Ilitubidi turudi kwenye silabi, ba be bi bo bu, kwa miezi minne. Ofisi ilikuwa imenitenga na kazi hii kwa miaka mingi. Ni kazi ya polepole, inataka mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na mtu wa namna hiyo ni mstaafu asiyedaiwa.

Bei yake ipo, na nitaitaja. Gari sina. Kadi za michango ya harusi sizipokei. Nimetoka hata kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati. Penye msiba nipo tangu siku ya kwanza mpaka matanga yanapoondolewa, na mgonjwa namtembelea. Penye harusi napeleka gunia la machungwa au kuku wawili, nakula pilau yangu, narudi. Kwa hiyo naitwa mchoyo. Rafiki yangu mmoja wa tangu ujana aliacha kuniita kwenye shughuli zake kwa miaka miwili, na jambo hilo liliniuma, wala sitajifanya kwamba halikuniuma.

Siku hizi kuna semina za kuwaandaa wanaokaribia kustaafu. Zingekuwa jambo jema. Lakini nimezihudhuria mara kadhaa kama mzee mwalikwa, na nilichokuta mlangoni ni meza za wauza viwanja, wauza vifaranga na watoa mikopo. Ndani, ukumbi mzima wa watu wazima unafundishwa mradi wa kuku wa mayai na kijana ambaye hajawahi kufuga. Nikipewa dakika kumi zangu, huuliza swali moja tu: Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, mwaka mmoja baada ya kustaafu, utakuwa wapi na unafanya nini? Nimeliuliza mara nyingi sasa. Ukumbi hukaa kimya kidogo, kisha mtu mmoja husimama na kuanza kunieleza ramani ya nyumba.