Omo la Kupinda Nyuma: Jipya au la Kale?

Kila zinapochapishwa picha za meli mpya yenye omo lisilo la kawaida, hutangazwa papo hapo kwamba limezuka jambo ambalo jicho la binadamu halijapata kuliona. Sisi watu wa Pwani, tuliokulia penye harufu ya sifa na sauti za nyundo za mafundi wakitia kalafati, hugawanyika makundi mawili. Wako wanaoduwaa wakasema kwamba Mzungu ameshinda. Na wako wanaotikisa kichwa wakasema, "Haya yote babu zetu waliyajua." Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamepotoka, na leo nataka kueleza kwa nini.

Nayaandika haya nikiwa Kericho, katika vilima vya chai, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kilindini. Msomaji wa Lamu au wa Mvita ataniuliza: chai na omo la chombo vimekutana wapi? Namwomba subira, kwani vilikutana zamani, tena kwa kishindo.

Aliyenichokoza ni kijana wa Bomet, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai. Alinionyesha picha katika simu yake, akaniuliza, "Mzee, nyinyi watu wa bahari mmewahi kuona kitu kama hiki?" Ilikuwa picha ya meli ya Kinorwe ambayo omo lake halikutangulia mbele kama tulivyozoea. Kwa juu limerudi nyuma, mfano wa mtu aliyerudisha kichwa akaachia kifua. Omo hilo huitwa X-Bow, nalo ni kazi ya kampuni ya Ulstein ya Norwe. Meli ya kwanza ya namna hiyo, Bourbon Orca, ilianza kazi mwaka 2006. Kusudi lake ni kwamba meli isipande juu ya wimbi kisha ikaanguka kwa kishindo, bali ilipasue wimbi taratibu, mabaharia wapate kufanya kazi na kulala bila ya kurushwarushwa. Miaka michache baadaye, mwaka 2013, Wamarekani nao walishusha majini manowari yao Zumwalt, yenye omo lililopinda nyuma vivyo hivyo.

Je, ni mapya haya? Tuyatazame kwa utulivu.

Mwaka 1890 Wafaransa walishusha manowari iliyoitwa Dupuy de Lôme. Anayeitazama picha yake leo huenda akadhani ni ndugu wa Zumwalt, kwani omo lake limetokeza chini majini na kurudi nyuma juu. Nyuma zaidi, Wayunani waliopigana vita vya Salamis mwaka 480 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) walikuwa na vyombo vya makasia vyenye ndomo ya shaba usawa wa maji, iliyotangulia mbele kabisa ili kutoboa ubavu wa adui. Ama omo la kusimama wima, ambalo leo linasifiwa katika mashua za mashindano kuwa ni mtindo wa kisasa, lilikuwa katika meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Na bedeni za Waomani zilikuja kwetu na hanamu ya wima miaka na miaka kabla ya hapo. Majahazi ya Lamu nayo yalijulikana kwa omo lisilolala sana, ilhali vyombo vingine vya mwambao vililaza hanamu mbele.

Wala mafundi wetu hawakuyafanya hayo kwa pambo tu. Hanamu ya kulala hupanda wimbi kwa urahisi na hukiwezesha chombo kukwea mchangani. Hanamu ya wima hukipa chombo urefu zaidi ndani ya maji bila ya kuongeza urefu wake juu, nacho hupata mwendo. Kila fundi alichagua kulingana na maji yake, shehena yake na ufuko wake.

Hata hapa bara mambo si tofauti. Kutoka Kericho hadi Kisumu si safari ndefu, na upande wa pili wa ziwa hilo kuna visiwa vya Sese, nchini Uganda. Watu wa huko waliunda mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, ambayo mkuku wake ulitokeza mbele ya omo kama pembe, usawa wa maji. Juu yake waliweka omo jingine la kusimama, lililopambwa kwa pembe za wanyama. Stanley aliikuta mitumbwi hiyo katika jeshi la Kabaka Mutesa mwaka 1875. Haikutoka kwa Wayunani, wala Wafaransa hawakuja Sese kuiga.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba katika Suratul Qamar safina ya Nabii Nuhu (A.S.) imesifiwa kwa mbao na kwa kitu kiitwacho dusur. Wafasiri walikhitilafiana juu ya neno hilo. Wengi walisema ni misumari. Wengine wakasema ni mbavu za chombo, yaani mataruma. Lakini Al-Hasan wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, amepokewa akisema kwamba ni kifua cha merikebu, kile kinachosukuma maji na kupigwa na mawimbi. Imam Tabari ameihifadhi kauli hiyo katika tafsiri yake. Siingilii kati ya wanazuoni, wallahu aalam. Ninalolitaja ni hili: mtu wa Basra, jirani wa bahari, alipofikiri juu ya safina, fikira yake ilikwenda kwenye omo. Basi swali la namna kifua cha chombo kinavyokutana na wimbi halikuzaliwa jana.

CHAI ILIVYONOA OMO

Sasa turudi kwenye chai. Katika karne ya 19 chai ya Uchina ilikuwa na bei kubwa London na New York, na ya kwanza kufika ndiyo iliyopata faida nono. Merikebu za siku hizo zilikuwa na omo pana la mviringo, zikiyasukuma maji kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Mwaka 1845 Mmarekani John Griffiths aliunda huko New York merikebu iliyoitwa Rainbow kwa biashara ya Uchina, yenye omo jembamba, kali, lililobonyea ndani ubavuni. Wapo waliomdhihaki, wakaona kwamba mambo yamegeuzwa ndani nje. Baadaye wakanyamaza, kwani mwendo wake ulijibu.

Mwaka 1866 merikebu mbili za umbo hilo kali, Taeping na Ariel, zilitoka Fuzhou na shehena ya chai, zikaizunguka nusu ya dunia kwa siku 99, zikafunga gati London siku moja, zikiachana kwa dakika 28 tu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 meli za moshi zikapata njia fupi, na enzi ya matanga ya chai ikaanza kumalizika. Basi jani hili ambalo watu wa Kericho walianza kulipanda kwa wingi katika miaka ya 1920, na ambalo tangu mwaka 1969 mnada wake mkuu uko Mombasa, limewahi kuwanoa mafundi wa merikebu kuliko vita vingi.

Na Griffiths je, alibuni jipya? Mafundi wa Baltimore walikuwa wameunda vyombo vya omo kali kabla yake, na Ann McKim ya mwaka 1833 ilitoka mikononi mwao. Yeye alilichukua jambo lililokuwapo, akalizidisha, akalitia katika kazi mpya. Hilo si dogo, lakini si kuumba kutoka patupu.

UMBO, KAZI NA ELIMU

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa pande zote mbili. Wale wanaosema "hili ni jipya kabisa" wanalitazama umbo peke yake, na umbo ni nadra kuwa jipya. Maji ni yale yale, mbao na chuma havina njia elfu za kuyakata, na binadamu kila mahali ana macho. Lakini wale wanaosema "babu zetu walikuwa nalo" wanakosea pia. Nimesikia mtu akidai kwamba mtepe wetu ndio mama wa X-Bow, kwa kuwa omo lake lilikuwa na shingo ndefu. Shingo ile, kwa masimulizi ya wazee, ilikuwa mfano wa ngamia wa Mtume (S.A.W.). Ilikuwa heshima na pambo, ikikaa juu angani. Haikupasua wimbi. Kufanana si uzazi. Hata Dupuy de Lôme na meli ya Kinorwe hazikukusudiwa jambo moja: ile ilipewa ndomo kwa ajili ya vita, hii imeinuliwa na kufunikwa juu ili wafanyakazi wakae pakavu.

Lililo jipya kwa hakika ni elimu ya kupima. Katika miaka ya 1860 Mwingereza William Froude alichonga vielelezo viwili vya merikebu, kimoja chembamba akakiita Raven, kingine kinene akakiita Swan, akavikokota majini. Watu walitarajia kwamba chembamba kitashinda kila mara. Kumbe kila kimoja kilishinda kwa mwendo wake! Mwaka 1872 akawa na birika lake maalumu la kupimia huko Torquay, na tangu hapo hoja ya omo bora haikuachiwa jicho na ubishi wa gatini peke yake. Kwa kupima ndivyo ilivyofahamika kazi ya ile nundu iliyo chini ya omo la meli za mizigo, ambayo Mmarekani David Taylor aliitia katika manowari Delaware iliyoanza kazi mwaka 1910. Nundu hiyo hufanya wimbi lake lenyewe, nalo hulipunguza wimbi la omo. Lakini hufaa kwa mwendo iliyopimiwa tu. Meli zilipoanza kwenda taratibu ili kubana matumizi ya mafuta, kampuni kadhaa zilizikata nundu zao na kutia nyingine.

Kwa muhtasari, naliweka shauri langu katika ubeti mmoja:

Omo la kupinda nyuma, si jipya lina zamani,
Na la kusimama wima, lilikuwapo Omani,
Jipya ni ilimu njema, ya kupima kwa mizani,
Tezi na omo jamani, marejeo ni ngamani.

TUNALOPOTEZA

Tukiishia hapo itakuwa ni mjadala wa barazani tu, kahawa ikiisha watu hutawanyika. Lakini liko jambo zito chini yake. Hapa Kericho iko taasisi ya utafiti wa chai. Mwaka 2011 ilitoa mche wa chai ya rangi ya zambarau, ukapewa nambari yake, TRFK 306. Rangi ya zambarau katika majani ya chai haikuumbwa na watafiti. Wao waliichagua, wakaijaribu kwa miaka kama 25, wakaandika, wakaitia jina. Kwa hiyo leo hapana anayebishana kwamba chai hiyo ni ya Kenya.

Sisi je, tulifanya nini na mtepe? Chombo kisichokuwa na msumari hata mmoja, kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kusafiri kwa tanga la mkeka, kilitoweka baharini katika miaka ya 1930. James Hornell alipoandika juu yake mwaka 1941, ilimbidi ategemee zaidi vielelezo vidogo na picha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliundwa mwingine Unguja, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vipimo vya mafundi wenyewe, walivyovijua kwa shibiri na dhiraa, walizikwa navyo.

Mafundi waliosalia leo Lamu huunda bila ya mchoro. Jicho lao ndilo birika lao la Torquay. Wanajua ni kiasi gani hanamu ilazwe kwa maji ya Kiwayuu na kiasi gani kwa maji ya ndani, lakini kwa kuwa halikuandikwa, likitangazwa kesho na mtu wa mbali litaitwa jipya, nasi hatutakuwa na hoja ila kutikisa kichwa.

Wala nisidhaniwe kwamba nataka vyombo vibaki kama vilivyokuwa. Wapo wanaoona kwamba kubadili chombo ni kuvunja mila, na wengine hata hulitumia neno bid'a. Bid'a iliyokatazwa ni katika dini, si katika hanamu. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda dau la plastiki ya taka, tani kama kumi, likaitwa Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria. Umbo la kale, mata mpya, kazi mpya. Hivyo ndivyo chombo kinavyoishi.

Ombi langu basi ni dogo. Kijana anayesoma hesabu katika skuli za Lamu, Faza au Mvita, achukue daftari na utepe wa kupimia, aende Matondoni akamwamkie fundi mmoja, akae naye siku mbili tatu. Aandike mkuku una urefu gani, fashini imesimama vipi, mataruma yamepishana kwa kiasi gani, na kila kimoja kinaitwaje kwa Kiswahili cha huko. Aanze na hanamu.