Sumaku haisafishi maji ya mtoto



Kwenye mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja alileta sumaku aliyouziwa sokoni. Aliambiwa aifunge kwenye bidoni, mikrobi zote zitakufa, na hatahitaji tena makala ya kuchemshia maji. Tuliizungusha mkononi kila mmoja. Makala ni ghali, na sisi sote tungependa habari hiyo iwe kweli.

Tuseme wazi: si uongo mtupu. Mwaka 2002, watafiti wa mji wa Brno, katika Jamhuri ya Cheki, waliweka bakteria wanaoitwa E. coli, ambao hukaa matumboni mwetu, ndani ya koili ya umeme. Koili hiyo ilitoa nguvu ya sumaku inayogeuka-geuka mara 50 kwa sekunde, kama umeme wa nyumbani. Nguvu yenyewe ilifika karibu mara 200 ya ile ya dunia inayovuta dira. Baada ya dakika chache bakteria walipungua. Lakini sikieni vizuri: walipungua, hawakwisha.

Na sumaku ya sokoni haina koili wala umeme. Nguvu yake haigeuki. Jaribio la kule halithibitishi kwamba inaweza kufanya hata kile kidogo. Tena bakteria aliyebaki, akipata joto na chakula, anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Kwa mtoto, kupunguza mikrobi nusu-nusu si kinga ya kuhara wala ya kipindupindu.

Basi tubaki na njia tunazozijua. Maji yatokote kweli, Bubbles kubwa zikipanda, dakika moja nzima. Au tutie dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa, tungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Siku makala imekosekana, tujaze maji meupe kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, tuzilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2. Jua halina bei.

Yule mama hatumcheki. Alitafuta njia ya kulinda watoto wake, kama sisi. Sumaku ameipeleka kwa fundi cherehani, inaokota sindano zilizoanguka. Hapo inafanya kazi yake vizuri.

Tuonane juma lijalo.