Farasi wa Mbio na Alishwe Nyasi Kwanza

Umtazamapo farasi wa mbio pale Ngong, Nairobi, waweza kudhani kuwa nguvu zake zatokana na nafaka tele. Mimi siafiki. Mfuko wa tumbo lake ni mdogo, lita 8 hadi 15 tu. Nyasi huchachushwa na vijidudu katika utumbo mpana, zikampa nishati. Wanga ukizidi, hufika huko haujameng'enywa, asidi huongezeka, na mnyama hushikwa na msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato. Farasi wa kilo 500 apewe nyasi kavu zisizopungua kilo 8 kwa siku, ndipo nafaka iongezwe kidogo kidogo kadiri ya kazi. Na mahindi yaliyoota kuvu, ambayo wengine huona yamfaa mnyama (ajabu ya ubahili!), yaweza kumharibu ubongo na kumwua.