Mwanagenzi Katika Nyumba ya Vitabu

Baba mmoja wa Kasuku, hapa Kindu, ametuomba shauri. Binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, amekubaliwa kwenda mji wa mbali kwa miezi mitatu, ajifunze kazi katika nyumba itoayo vitabu vya wataalamu. Mshahara hakuna, na nauli ya ndege ni juu ya wazazi. Baba auliza: “Nimelipa karo miaka mitatu. Je, sasa nilipe tena ili mtoto wangu awafanyie watu kazi bure?”

Swali hili si dogo. Mzazi asemaye hivyo si mchoyo. Ajua bei ya mchele na ya dawa.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba kitabu cha chuo hutoka kichwani mwa mwalimu na kwenda moja kwa moja kwenye mashine. Sivyo. Maandiko husomwa kwanza na wataalamu wengine wa elimu ileile, waseme kama yafaa. Kisha mhariri hunyosha lugha, huhakikisha majina na miaka, na kutazama kama maneno yaliyotwaliwa kwa wengine yametajwa asili yake. Mwishoni kurasa za majaribio husomwa neno kwa neno, na faharasa hutengenezwa. Hapo ndipo mwanagenzi huanza. Kosa la kalamu hukaa katika daftari moja. Kosa la chapa huingia katika kila nakala, na wanafunzi hulirudia katika mitihani yao. Kazi hii yafundisha kupenda ukweli kuliko hotuba nyingi.

Wala si jambo geni katika Kanisa. Mwaka 1914, mjini Alba, Italia, Padre Giacomo Alberione alifungua shule ndogo ya kupiga chapa kwa vijana wachache. Katika shule hiyo lilizaliwa Shirika la Mtakatifu Paulo, ambalo leo latoa vitabu Kinshasa kwa jina la Médiaspaul, vikiwamo vya teolojia na falsafa. Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza padre huyo kuwa Mwenye Heri. Kazi yake kubwa ilianza na wanagenzi.

Lakini Padre Alberione aliwafundisha vijana wake. Hapo ndipo penye shauri letu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanagenzi naye apewe jembe, ila aonyeshwe na jinsi ya kulima. Akitumwa chai na kubebeshwa masanduku tangu asubuhi hata jioni, huyo si mwanagenzi. Ni mtumishi asiyelipwa.

Basi, baba na aulize mambo manne, ajibiwe kwa barua: Binti atafanya kazi gani? Nani atamfundisha? Atalala wapi, na kwa nani? Nani atatia sahihi taarifa yake ya chuo? Wasipojibu, asimtume. Wakijibu vema, jamaa yote ikae shauri, na binti asinyimwe kwa sababu tu ni binti. Lakini nauli isitolewe katika chakula cha wadogo zake.

Na kama fedha haipatikani, mlango haujafungwa. Wanafunzi wetu husoma katika nakala za masomo ya walimu wao, nazo mara nyingi zina makosa ya chapa. Binti na amwendee mwalimu mmoja, aombe kuzisahihisha na kuzitengenezea faharasa. Ni kazi ileile, kwa kalamu nyekundu na saburi nyingi, naye atalala nyumbani kwao.

Nanyi wenye nyumba za vitabu, twawasihi: kama hamna mshahara wa kumpa kijana, mpeni walau chakula cha mchana na mwalimu wa kweli. Msipoweza hata hayo, msimwite.

Baba wa Kasuku, tuandikie utuambie mlivyokata shauri.