Walio zamu wafundishwe amri za kompyuta



Nina maoni juu ya mafunzo ya wafanyakazi wa zamu katika vyumba vya kuongozea mitandao ya umeme, simu na intaneti.

Mfanyakazi wa zamu akifundishwa kutazama picha tu kwenye kioo cha kompyuta, kijani ni salama na nyekundu ni hatari, hajafundishwa kazi. Kuandika amri kwa maneno, katika mifumo kama Unix na Linux, kusiachiwe wahandisi peke yao. Picha nayo huchorwa na kompyuta, na kompyuta ikikwama, kijani cha jana huweza kubaki kijani cha leo.

Yaliyotokea Marekani tarehe 14 Agosti, 2003 yatufundishe. Katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni moja ya jimbo la Ohio, programu ya kutoa tahadhari, iliyokuwa ikiendeshwa kwa Unix, ilikwama baada ya saa 8.14 mchana. Walio zamu hawakujua. Laini kubwa za umeme zikawa zinajizima moja baada ya nyingine, nao wakaona kimya wakadhani ni shwari. Saa 9.08 mafundi wa kompyuta waliiwasha upya mashine, lakini hawakuwauliza walio zamu kama tahadhari zimerudi. Kufika saa 10.15 jioni, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa hawana umeme. Makosa mengine yalikuwapo, kama miti iliyoachwa ikakua hadi kugusa nyaya, lakini kutojua kwamba mtambo wa tahadhari umekufa kulichangia sana.

Sasa tujiulize, mtu wa zamu anahitaji kujua nini? Si mengi. Amri ya "date" humwonyesha saa ya mashine. "Tail" humsomea mistari ya mwisho ya daftari la matukio. "Df" humwambia nafasi iliyobaki kwenye diski. "Ping" huuliza mashine ya mbali kama inaitika. Mwenye kujua haya anaweza kuuliza tahadhari ya mwisho iliingia saa ngapi. Akikuta ni saa nzima iliyopita, wakati kila siku huingia kila dakika chache, atajua kimya hicho kina jambo.

Tena maandishi hayahitaji njia pana. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Katika hali kama hiyo, amri ya maneno machache huweza kupita mahali ambapo picha nzito zinakwama.

Wapo watakaosema kuwa amri ni hatari mikononi mwa wengi. Ni kweli, amri huweza kuua mtandao. Tarehe 4 Oktoba, 2021 amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo iliangusha mtandao wote wa Facebook kwa muda wa saa sita hivi. Lakini amri ile ilitolewa na wataalamu wenyewe! Hii yatuonyesha kwamba dawa si kuwanyima watu elimu, bali ni kuweka utaratibu. Wa zamu wapewe ruhusa ya kusoma tu, bila kubadili wala kufuta. Amri ya kubadili itolewe na watu wawili, mmoja akiandika na mwenzake akihakiki.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Linux hupatikana bure, na huweza kuendeshwa hata kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa stoo. Nawashauri wahusika waweke kompyuta moja ya mazoezi katika kila chumba cha zamu, wachapishe kitabu kidogo cha amri hizo kwa Kiswahili, na kila mfanyakazi apimwe kabla ya kuachiwa zamu ya usiku peke yake.

Mgonjwa aliye kwenye chumba cha upasuaji na mama anayengoja fedha za simu hawamjui mtu huyo wa zamu, lakini wanamtegemea. Tusingoje giza ndipo tuanze kufundishana.

Mfanyakazi wa Zamu,
Morogoro.