Tutafute Asili Yetu, Lakini Tuanzie Hapa Hapa

Leo nataka tuzungumze juu ya neno ambalo hapa shuleni hutamkwa kwa mzaha. Ubishi ukizuka, hata wa kalamu tu, utasikia mtu akimwambia mwenzake, "Wewe rudi kwenu!" Basi likizo ya Desemba iliyopita mimi nilikwenda huko "kwetu", na nimerudi na maoni yangu.

Kwanza nieleze tulivyofika Isiolo. Babu yake babu yangu alikuwa Msomali wa ukoo wa Isaaq, mwenyeji wa Burao, katika nchi ambayo ilikuwa chini ya Waingereza na sasa inajiita Somaliland. Alikuwa askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliwapa askari kama yeye, Isaaq na Harti, mahali pa kukaa na mifugo yao hapa Isiolo. Kwa hiyo sisi tuko hapa tangu miaka ya 1920, kabla ya lami na kabla ya shule hii. Wazee hao walikuwa na visa! Kati ya 1936 na 1941 walivutana na serikali wakitaka watozwe kodi kubwa zaidi. Usicheke. Kodi ya Waasia ilikuwa juu kuliko ya Waafrika, nao walitaka wahesabiwe pamoja na Waasia ili wapate haki za Waasia. Mimi naonelea hapo walikosea, maana walitaka kupanda ngazi na kuwaacha majirani zao chini.

Tuendelee. Babu aliuza ngamia ili tusafiri watatu, yeye, baba na mimi. Matatu hadi Nairobi, ndege hadi Addis Ababa, ndege nyingine hadi Hargeisa. Katikati ya mji wa Hargeisa kuna ndege ya kivita imewekwa juu ya nguzo, ukumbusho wa mwaka 1988 ambapo serikali ya Siad Barre iliupiga mji huo mabomu. Babu alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu. Kutoka hapo tulikwenda kwa gari, tukapita Berbera penye joto la kukausha mate, tukapanda milima ya Sheikh mpaka Burao, kwa wajukuu na vitukuu vya mdogo wake yule askari.

Walitupokea vizuri mno, nisiseme uongo. Tulichinjiwa mbuzi, na bibi mmoja alinishika mashavu akalia kana kwamba ananijua tangu nizaliwe. Halafu ukaja mtihani. Kule mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kutaja jina lake, la baba, la babu, la babu yake babu, hivyo hivyo mpaka kwa mzee wa kwanza wa ukoo. Mimi nilifika jina la sita nikakwama. Kijana wa miaka minane hivi akanipokea pale pale, akateremka nayo kama maji mpaka zaidi ya ishirini. Haya ilinishika! Mimi ninayejua ngeli zote za Kiswahili!

Kisha nikasikia wanavyotuita. Wasomali wa Kenya kule huitwa "Sijui". Ati kwa sababu kila tukiulizwa jambo tunajibu kwa Kiswahili, "Sijui." Wanachama wenzangu wa Kiswahili, hebu fikirini. Hapa naambiwa rudi kwenu, na huko kwetu naitwa kwa neno la Kiswahili. Nilicheka, lakini usiku sikulala upesi.

Maoni yangu ni haya: kwenda kuwaona jamaa wa mbali si kuhama, wala si ushahidi kwamba mtu si wa hapa. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Ya babu bado iko ndani ya sanduku la bati. Mwezi wa Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza mwisho wa msasa wa vitambulisho kwa watu wa sehemu zetu. Nami bado miaka miwili nikachukue changu, natumaini nitaulizwa maswali yale yale anayoulizwa rafiki yangu Mmeru. Tena kama ni jamaa wa ng'ambo, ni nani darasani hana? Waborana wana ndugu zao Ethiopia, mpaka wa Moyale umepita katikati yao. Waturkana wana jamaa upande wa Karamoja, Uganda. Wasamburu lugha yao na ya Wamaasai wa Tanzania ni ndugu. Hata Wameru wazee wao husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kule pwani.

Lakini kuna jambo moja lililonisumbua njia nzima ya kurudi. Majina yale ishirini yote ni ya wanaume. Yule askari alikuja peke yake, basi watoto alizaa na nani? Nilimuuliza babu ndani ya matatu, tulipokuwa tunapita Nanyuki. Akasema nyanya yake alikuwa Mborana wa Garba Tulla. Garba Tulla! Iko ndani ya kaunti hii hii, wala haihitaji pasipoti. Tumeuza ngamia kwenda Burao, na nauli ya kwenda Garba Tulla hatujawahi kuilipa. Pengine nimekaa dawati moja na binamu yangu tangu kidato cha kwanza na tunagombania rula.

Nimemwomba baba twende likizo ya Agosti. Amekubali, ila akauliza tukifika tutamuulizia nani. Nikarudi kwa babu na daftari. Jina la nyanya yake analikumbuka. Nikamuuliza jina la baba yake huyo nyanya. Babu akatazama chini, akasema, "Sijui."